Gervasi Mgawa Mipira

Juzi basi letu la kwenda Nzega lilikwama nyuma ya lori lililosheheni mashudu ya pamba. Jua lilikuwa kali, dirisha langu lilikuwa wazi, na ile harufu ikaingia yote: harufu nzito ya mafuta ya mbegu, yenye kitu kama karanga zilizoungua na vumbi la magunia ndani yake. Kijana aliyekaa karibu nami alijiziba pua kwa kola ya shati. Mimi nikaivuta mpaka kifua kikajaa. Akanitazama kama anayemwonea huruma mama mtu mzima aliyeanza kuchanganyikiwa. Ningeanzia wapi kumweleza? Kwamba harufu ile kwangu ni harufu ya mpira wa miguu?

Sisi tuliokulia jirani na jineri tunalijua hilo bila kuelezwa. Jineri ndivyo tulivyokiita kiwanda cha kuchambua pamba, na chetu kilikuwa upande wa Shinyanga, mahali ambapo treni ya Mwanza tuliisikia tu ikilia kwa mbali. Uwanja wa mpira ulikuwa nyuma ya ghala. Msimu wa kuchambua ukianza, nyuzi nyeupe zilipepea zikanasa kwenye nywele za akina mama, kwenye miiba ya ua, kwenye masharubu ya refa. Jumapili baada ya Misa watu wote walikuwa pale, waliosali na ambao hawakusali. Magoli yalikuwa ya miti, nyavu hazikuwapo, na ubishi kama mpira umepita ndani au nje ulikuwa nusu ya starehe.

Baba yangu alikuwa mpima pamba siku za kazi na kipa siku ya Jumapili. Mchezo ukiisha kwa kufungwa, chakula cha jioni kwetu kililiwa kimyakimya. Ndiyo maana nayakumbuka vizuri maneno aliyomwambia Mama siku moja, akiwa amekunja uso juu ya sahani ya ugali na mlenda.

"Mabeki tunao, Mama Minza. Winga tunaye, Masanja anakimbia kama swala. Tunakosa kiungo tu. Bila kiungo mpira wetu hauna ladha."

Mama akaguna. Mimi, Minza mwenyewe, sikuguna. Mimi nilielewa. Nilikuwa na umri wa kutumwa dukani lakini si wa kukabidhiwa kisu, na katika maisha yangu yote neno kiungo lilikuwa na maana moja. Mama alikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na ndani yake kulikuwa na tangawizi ya unga, pilipili manga na iliki, vitu vya duka la Mwarabu, vya chai ya Krismasi na pilau ya Pasaka. Nikashangaa kwa nini Baba anahangaika wakati viungo viko palepale juu ya kichwa chake.

Jumapili iliyofuata nilipewa kazi ya kulinda ndoo ya maji ya wachezaji. Niliimwagia nusu ya kopo, nikakoroga kwa kata, nikajificha nyuma ya pipa kuona timu itakavyobadilika.

Ilibadilika. Wakati wa mapumziko Masanja ndiye alikuwa wa kwanza kunywa, akayatema yale maji yote usoni kwa beki wa kulia. Baba alikohoa mpaka akashika nguzo ya goli. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba wageni wamewatilia dawa. Katikati ya vurugu hiyo, mchezaji mmoja mpya wa timu yetu, ambaye sikuwahi kumwona, alichukua kata, akanywa taratibu, akailamba midomo.

"Tangawizi," alisema. "Na pilipili manga. Hapa pamekosekana sukari tu."

Kisha akageuza shingo mara moja, kulia na kushoto, kama ndege anayedonoa mtama, na macho yake yakatua juu yangu nyuma ya pipa. "Mpishi ni yule pale."

Nililetwa mbele. Baba aliuliza kwa sauti ya kiwandani nimefanya nini, nami nikajibu huku machozi yakinitiririka, "Wewe si ulisema timu haina kiungo?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka wachezaji, walicheka wageni, refa alicheka akasahau kupuliza filimbi ya kipindi cha pili. Yule mchezaji mpya peke yake alichuchumaa mbele yangu akanishika goti.

"Hapa panaitwaje?"

"Goti."

"Likunje. Linyooshe. Bila hili mguu wako ungekuwa gogo, si ndiyo? Hili nalo ni kiungo. Ndilo linalounganisha juu na chini. Baba yako alikuwa anatafuta mtu wa kuunganisha mabeki na washambuliaji. Amenipata mimi, wiki hii nimeanza kazi."

Nikafuta makamasi nikamtazama. "Kwa hiyo wewe ni goti?"

"Mimi ni goti la timu," alisema Gervasi, na hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Alikuwa mtu wa Ushirombo kwa asili, lakini alikulia Geita, kwenye kambi za wachimbaji wa ule mgodi wa dhahabu wa zamani. Mgodi ulipofungwa watu wakatawanyika, na yeye baada ya kuzunguka huku na kule akaja kwetu kupaka grisi mashine za jineri. Aliniambia kwamba kambi ndiyo iliyomfundisha mpira. Kambini kulikuwa na watu kutoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja alikuja na mpira wa kwao. Mnyakyusa mmoja alimfundisha kupiga kwa mguu wa kushoto kwa kumfunga kamba ule wa kulia. Mtu wa Tanga alimfundisha kuupokea mpira huku mwili umeshageuka, ili usipoteze muda kugeuka baadaye. Mmanyema mmoja mzee aliyekuwa beki alimfundisha namna mabeki wanavyofikiri, "kwa sababu ukitaka kumpita mtu lazima ujue anaogopa nini."

Wanaume waliokaa kwenye baraza la cherehani walibishana juu yake wiki nzima. Cherehani lilikuwa la Shangazi Kabula, dada yake Baba, ambaye ndiye aliyeshona jezi za timu kwa kitambaa cha marekani na kuzitia rangi ya kijani. Alimshonea Gervasi namba nane mgongoni. Lakini mzee mmoja alidai yule ni namba kumi, kwani hamwoni anavyoingia kwenye boksi kwa kuchelewa, wakati mabeki wameshamsahau? Mwingine akasema ni sentahafu, maana jana alimnyang'anya mtu mpira mbele ya goli letu. Wa tatu akasema huyo ni namba zote, tatizo ni kwamba Mungu amempa miguu miwili tu. Shangazi aliendelea kukanyaga cherehani lake bila kuinua uso. Siku hizo sikushangaa kwa nini wateja wake wa nguo za shule walikuwa wanachelewa kupata nguo zao wakati jezi namba nane ilikuwa imeshonwa upya mara kadhaa bila kuchanika.

Mimi nilichokipenda si jinsi alivyopiga chenga, ingawa chenga alikuwa nazo. Nilipenda kwamba akiwa uwanjani kila mtu alikuwa hodari zaidi. Beki wetu wa kushoto, mtu mwoga ambaye mpira ukimjia aliubutua nje mpaka kwenye mihogo, alianza kuinua kichwa na kutoa pasi, kwa sababu alijua Gervasi ameshasogea mahali anapoweza kumwona. Masanja, ambaye zamani alikimbia bure kama mbwa anayefukuza baiskeli, sasa alikimbia na kuukuta mpira umeshafika unamngoja. Akafunga Jumapili hadi Jumapili. Na kila akifunga alizunguka uwanja mzima amenyoosha mikono akipaza sauti, "Ni mimi! Ni mimi Masanja!" Gervasi alikuwa ameshageuka anarudi katikati, anawapanga wenzake kwa kidole.

Jioni baada ya kazi alifanya mazoezi kwenye ukuta wa ghala, nami nikawa mshirika wake. Mchezo wetu ulikuwa hivi: yeye alisimama akiutazama ukuta, mgongo wake ukielekea njia, mimi nilimrushia mpira, na kabla haujamfikia alitakiwa kunitajia vyote vilivyokuwa nyuma yake.

"Mama mwenye kanga nyekundu," alisema, huku mpira ukiwa hewani. "Mbuzi wawili. Baiskeli, na mwenye baiskeli anashuka." Ndipo aliupokea kwa paja akauweka chini kana kwamba anaweka yai.

"Unaonaje na umevipa mgongo?" nilimwuliza. Niliwahi hata kumkagua kisogo, kwa sababu niliwasikia watu wa barazani wakisema ana macho huko. Sikuona kitu ila kovu dogo, nikadhani labda ndipo jicho linapofungukia.

"Naangalia mapema," alisema. "Mpira ukishafika mguuni umechelewa kutazama. Sasa geuka wewe, nikurushie."

Tukabadilishana. Nilikuwa mbovu mwanzoni, nikipigwa na mpira tumboni, lakini baada ya muda nikaanza kuona. Huo ndio msimu niliojifunza kuangalia nyuma yangu, nami nimeishi kwa faida yake mpaka leo, darasani nilipofundisha na hata jikoni.

Alishindwa siku moja tu. Nilirusha mpira, akageuza shingo kama kawaida, lakini shingo haikurudi. Mpira ukampiga sikio, pa! Nyuma yake alikuwa anapita Shangazi Kabula na kitambaa kichwani. Alipita tu, lakini nilimwona akiuma midomo.

Nililifikiria jambo hilo usiku kucha nikafikia uamuzi. Mimi pia nilikuwa namwogopa Shangazi kwa ajili ya mkasi wake mkubwa, ambao alitishia kutukatia masikio tukigusa cherehani. Asubuhi nikaenda kumwambia.

"Shangazi, Gervasi anakuogopa."

"Ananiogopa? Ameniogopea nini?"

"Ukipita haoni mpira."

Cherehani lilisimama. Kisha likaanza tena, kasi, na mshono wa siku ile ulipinda mpaka ukafumuliwa.

Wakati pamba imekaribia kwisha ghalani, Gervasi alituma wazee wawili kwa Babu kuzungumza habari ya Shangazi. Babu alikuwa mfugaji. Aliishi kwenye boma lake nje kidogo ya makazi ya kiwanda, na alikuwa mtu mwenye mzaha mwingi kwa wajukuu (mimi aliniita mke wangu) na bila mzaha wowote kwa habari ya ng'ombe na mabinti. Siku wale wazee walipokuja nilikuwa uani napukuchua mahindi, nikasikia kila neno.

"Nilikwenda kumtazama mimi mwenyewe," alisema Babu. "Mlisema ni mchezaji mkubwa. Nikasimama pale jua lote. Nikaona nini? Kila akipewa, anatoa. Akipewa, anatoa! Hakai na kitu. Wenzake wanafunga, yeye anagawa. Mtu wa namna hiyo akipata ng'ombe si atawagawa? Mwanangu atakula nini?"

"Mzee, ndiyo kazi yake uwanjani," mmoja alijaribu. "Yeye ni kiungo."

"Kama ni kuolewa na mcheza mpira, basi aje yule anayefunga. Yule Masanja. Huyo nimemsikia mwenyewe akisema ni yeye."

Masanja, maskini, hakuwa na habari. Hakuwahi hata kumsalimu Shangazi vizuri, na nadhani naye aliuogopa mkasi. Hilo lilikuwa wazo la Babu peke yake. Lakini lilitosha. Wazee waliondoka bila jibu, Shangazi akaacha kuimba kwenye cherehani, na mimi nikapatwa na hofu yangu binafsi ambayo hakuna aliyeijua. Babu alikuwa amesema kweli. Gervasi alikuwa akitoa kila alichopewa, na mara nyingi alikuwa anampa Masanja. Sasa akipewa Shangazi?

Nilimwendea ukutani nikamwuliza waziwazi. "Ukimpata Shangazi, utamtoa?"

"Nimtoe kwa nani?"

"Kwa Masanja."

Alikaa chini kabisa, akacheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikaisha akawa anatazama ukuta. "Huyo hapana, Minza," alisema. "Huyo simpi mtu."

Mwisho wa msimu chama cha ushirika kilitoa dume la ng'ombe lishindaniwe kati yetu na timu ya wachimba almasi wa upande wa Songwa. Wale walikuja kwa lori lao, kila mchezaji na njumu zake, soksi zinafanana mpaka magotini. Wetu nusu walikuwa pekupeku. Dume lilifungwa kwenye mti wa mgunga kando ya uwanja, jeusi lenye doa jeupe kwenye paji, na kwa sababu yake Babu akaja. Si kwa mpira. Alikuja kulitazama dume. Alilizunguka, akalifungua mdomo, akalipapasa nundu, akaketi kwenye kigoda chake karibu nalo na kuniita nikae naye nimweleze kinachoendelea.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemsikia Baba akimwambia Gervasi, "Leo Mzee atakuwapo. Nakuomba, funga mwenyewe. Hata moja tu. Acha hizi pasi zako."

"Nikiona nafasi," alijibu Gervasi.

Wageni walitufunga mapema. Baba aliruka upande huu, mpira ukaenda upande ule. Babu akacheka kwa sauti, maana aliyefungwa alikuwa mwanawe. Lakini baada ya hapo kicheko kikampungua, na maswali yakaanza.

"Mke wangu, yule mtu wa Ushirombo yuko wapi?"

"Yule pale nyuma, Babu, anawasaidia mabeki."

Muda kidogo ukapita. "Na huyu aliyepiga huku mbele ni nani?"

"Ni yeye."

"Ana pacha?"

"Hana, Babu. Ni mmoja."

Babu akasogeza kigoda. Gervasi alipiga kona kwa mguu wa kushoto, beki wetu mwoga akafumba macho akaipiga kwa kichwa, na tukawa sawa. Babu hakushangilia, lakini nilimwona akilipa kisogo dume. Kipindi cha pili wale wa almasi walitubana. Mara moja Baba alikuwa ameshalala chini, goli liko wazi, na mpira ulikuwa unabingirika kuingia. Gervasi alitokea nisijue wapi akauondoa juu ya mstari kwa ncha ya kidole cha mguu, akadondoka, akainuka na kumwinua Baba. Babu alikuwa amesimama. Masanja wakati huo alikuwa mbele kabisa, mikono kiunoni, anangoja.

"Yule mbona hafanyi kazi?" Babu aliuliza, akimnyooshea Masanja fimbo.

"Yeye ndiye anayefunga, Babu."

"Hm," alisema Babu.

Halafu ikaja dakika ile. Jua limeshuka, watu wamechoka, refa ameshaanza kutazama saa yake. Gervasi aliuiba mpira karibu na boksi letu. Akampita wa kwanza. Wa pili alimpa bega akapita. Akafika katikati ya uwanja akiwa ameinua kichwa, akajifanya anapeleka kulia, wote wakaenda kulia, yeye akaenda katikati. Watu walisimama kama nyasi zilizovutwa juu. Mbele yake alibaki beki mmoja na kipa.

"Piga!" alipiga kelele Baba kutoka golini kwake. "Piga!" walijibu watu wa barazani. Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu, "Piga, jamani!" nayo ilikuwa ya Shangazi, mwenye haya zake zote. Na Babu, aliyekuja kutazama ng'ombe, alitupa fimbo chini akanguruma, "Piga!"

Gervasi aliinua mguu wa kulia. Beki akajitupa, kipa akaruka kuelekea kona. Mguu ukashuka polepole, ukausukuma mpira pembeni, na Masanja aliyekuwa peke yake akaugusa tu ukaingia.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Masanja alianza safari yake ya kuzunguka uwanja, "Ni mimi! Ni mimi Masanja!" Na katikati ya kelele hizo Babu aliingia uwanjani. Aliingia kwa hatua ndefu za mtu anayewahi ng'ombe aliyeingia shamba la watu, moja kwa moja kwa refa, ambaye alikuwa mwalimu wangu wa hesabu.

"Mwizi!" alisema. "Mkamateni yule! Ameiba!"

"Mzee, tafadhali, mchezo haujaisha. Ameiba nini?"

"Goli! Mwenzake ametoka nalo kule mbali, amepigana na watu wote hawa, yeye amesimama tu pale kisha analichukua. Nanyi mnashangilia! Mbele ya macho yangu mnamdhulumu nkwilima wane!"

Nkwilima ni neno la Kisukuma, nalo halina maana ya pili. Ni mkwe, mume wa binti yangu. Babu alilisema kwa sauti ile anayoitia mifugo ng'ambo ya bonde. Masanja alisimama na mikono yake hewani. Hata wale wa almasi waliouliza maana yake walinong'onezwa. Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakadakia wengine, na Shangazi akajifunika uso kwa kanga yote. Refa alimwongoza Babu mpaka kwenye kigoda chake, akapuliza filimbi ya mwisho mapema kidogo, nadhani kwa sababu alijua hakuna atakayecheza tena.

Gervasi alikuja akiwa amelowa jasho. Akainama kwa heshima. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wamekudhulumu, kijana wangu."

Hapo angeweza kunyamaza. Sote tulitaka anyamaze. Shangazi alikuwa nyuma yangu, na vidole vyake vilinibana bega mpaka nikapinda.

"Hapana, Mzee. Hakuniibia. Nilimpa."

"Ulimpa?"

"Ndiyo."

"Kwa akili zako timamu?"

"Kwa akili zangu."

"Watu wote wanasema piga. Mimi nasema piga. Wewe unampa?"

"Kipa alikuwa ameshafunga upande wangu, na Masanja alikuwa peke yake. Kama ningepiga, ningepiga ili wewe unione. Tungeweza kukosa."

Babu akatoa kikopo cha ugoro, akanusa. "Na kama yule naye angekosa?"

"Nilikuwa nimeshaanza kuufuata."

Babu akamgeukia Baba, ambaye bado alikuwa na vumbi usoni. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Baba. Hata ungegonga mwamba, yeye ndiye angefika wa kwanza. Nilimwona."

Babu akatazama dume, akamtazama Gervasi, akatazama umati uliokuwa umetuzunguka ukisubiri. "Nimeshasema neno mbele ya watu wote hawa," alisema mwishowe. "Nitalirudishaje?" Kisha, kama aliyekumbuka jambo alilolisahau muda mrefu, akageuka. "Kabula. Wewe unasemaje?"

Shangazi akashusha kanga mpaka chini ya macho. "Mimi nilishasema zamani, Baba. Ninyi mlikuwa mnatazama mpira."

Walifunga ndoa kanisani kabla ya mvua, dume likaliwa na timu zote mbili, na Masanja alicheza ngoma kuliko mtu yeyote. Niliwatazama wale wawili kwa miaka mingi. Gervasi alikuwa nyumbani vilevile alivyokuwa uwanjani. Mtoto akilia, alikuwa ameshafika. Shangazi alipofungua duka lake la nguo, watu walilisifia duka, na yeye alikuwa nyuma anafunga vifurushi. Babu naye hakukosa tena mchezo mpaka alipofariki, ingawa kila goli aliliulizia kwanza lilitoka kwa nani.

Krismasi ya mwaka juzi nilikuwa kwao. Gervasi sasa ni mzee, magoti yote mawili yanamsumbua. Sebuleni wajukuu walikuwa wanatazama mpira kwenye televisheni, na mdogo kati yao, aliyesikia kwa mara ya kwanza kwamba babu yake aliwahi kucheza, alimrukia mapajani.

"Babu, wewe ulifunga magoli mangapi?"

Gervasi alifikiri kwa muda mrefu, kwa uaminifu kabisa, akikuna kisogo. "Sikumbuki hata moja vizuri," alisema.

"Muulizeni Masanja," sauti ya Shangazi ikatoka jikoni. "Ndiye tuliyemwachia kazi ya kuhesabu."